Mama mkwe hataki kulala nyumba moja na vitu vya Mjerumani

SWALI

Shikamoo mama mshauri.

Mimi ni mwalimu, nina miaka 46, naishi Tanga na mke wangu na watoto wetu wawili. Wa tatu yuko njiani. Naomba jina langu usilitoe, maana watu wengi hapa wanalijua kabati langu.

Nakusanya vitu vya jeshi la Mjerumani. Baba yake babu yangu alikuwa askari wa Schutztruppe, jeshi la kikoloni la Wajerumani, na ukoo wetu wote unajua kwamba alikuwapo hapa Tanga Novemba 1914, Waingereza walipoleta wanajeshi wapatao 8,000 kutoka India na kikosi cha watu kama 1,000 kikawarudisha melini. Wazee wanasema wakati huo alikuwa mtu mzima, ana wake wawili. Aliacha sanduku la bati. Ndani mlikuwamo vifungo vinne vya shaba, kibuyu cha maji kilichobonyea, na tai wa bati jeupe aliyekuwa akikaa mbele ya tarbushi ya askari. Baba alinikabidhi sanduku hilo kabla hajafariki, akaniambia nisiliache lioze.

Kutoka hapo nikaanza kutafuta mwenyewe. Sasa nina sarafu za heller zenye tundu katikati, rupia yenye kichwa cha Kaiser Wilhelm II, na heller 20 ya shaba iliyogongwa Tabora mwaka 1916, Wajerumani walipokuwa wamekatiwa njia ya bahari. Nina singe moja, maganda ya risasi niliyoletewa na wakulima wa upande wa Jasini, bizimu ya mkanda yenye taji na maneno ya Kijerumani ya kusema Mungu yu pamoja nasi, ambayo niliinunua mtandaoni, na kadi za posta za zamani. Vyote vimo kwenye kabati la vioo sebuleni, nimeweka na taa. Wanafunzi wangu huja kuangalia. Siwasifii wakoloni hata kidogo. Ninachosema ni kwamba haya yalitokea na mtu wa damu yangu alikuwamo.

Mke wangu ni Mngoni wa Songea. Mwaka huu mama yake alikuja kutusalimu, mara ya kwanza tangu tuhamie nyumba hii. Alisimama mbele ya kabati muda mrefu, akaniuliza picha moja ni ya wapi. Ni kadi ya posta, watu wamenyongwa, askari wamesimama pembeni. Nikamweleza vizuri kwamba ni ya wakati wa Majimaji na kwamba ni ya asili, si nakala. Hakusema neno. Usiku hakula. Asubuhi alimwambia binti yake anaomba akatiwe tiketi, na kwamba hatalala tena katika nyumba yenye vile vitu. Yuko Dar es Salaam kwa shemeji yangu.

Mke wangu anakaribia kujifungua, na tulipanga mama yake ndiye aje kumlea arobaini nzima. Sasa mke wangu anasema nichague, kabati au mama yake. Mimi naona naonewa. Vita vya dunia havikuwa Majimaji. Baba yake babu hakumnyonga mtu. Na mama mkwe hajaniambia kwa kinywa chake kilichomuudhi.

Juu ya hayo, kuna mkusanyaji mmoja wa Ujerumani tuliyefahamiana mtandaoni. Anamtaka yule tai wa tarbushi, pamoja na barua yangu inayoeleza alikuwa wa nani. Yuko tayari kunipa fedha ambazo kwa mshahara wangu ni nyingi, na kuniongezea vitu vya vita vya pili: Msalaba wa Chuma wa mwaka 1939 na bizimu ya jeshi la Hitler. Nimekuwa nikiwaza kwamba nikivipata, kabati litakuwa na vita vyote viwili.

Niuze? Nibadilishane? Nifunge kabati mama mkwe arudi? Au nishikilie historia ya ukoo wangu?

Mpenda historia, Tanga

JIBU

Marahaba mwanangu. Nimeisoma barua yako yote, na kabla ya lolote nawaombea wewe na mkeo mtoto anayekuja azaliwe salama.

Kama nimekuelewa, una mambo matatu yaliyofungwa fundo moja. Kuna sanduku la marehemu, ambalo ni amana ya baba yako. Kuna kabati, ambalo umelijaza mwenyewe kwa fedha na juhudi zako. Na kuna mama mkwe aliyeondoka bila kusema, wakati mkeo anamhitaji kuliko wakati mwingine wowote. Unauliza kana kwamba jibu la moja litakuwa jibu la yote matatu. Naomba tuyafungue, maana sioni kama yana jibu moja.

Nianze na ile picha. Kila kitu cha kabati umenipa habari zake: tundu la heller, mji ilikogongwa sarafu, maneno ya kwenye bizimu. Watu walionyongwa umewataja kwa maneno mawili. Hujasema ni wangapi, hujasema ni wapi, na nahisi hujui. Kwako picha hiyo ni moja ya kadi za posta. Jiulize mama wa Songea aliona nini.

Wewe ni mwalimu, kwa hiyo tarehe unazijua, lakini nazitaja kwa sababu mkweo hakuzisoma shuleni. Vita vya Majimaji vilianza mwaka 1905 na kuzimwa kufikia 1907, na waliokufa, wengi wao kwa njaa iliyoletwa kwa makusudi kwa kuchoma mashamba na maghala, wanakadiriwa kuwa kati ya 75,000 na 300,000. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga Songea mjini wapiganaji na viongozi wa Kingoni zaidi ya 60 kwa siku moja. Nduna Songea Mbano, ambaye mji umebeba jina lake, alinyongwa siku chache baadaye. Wazee wa huko wanasimulia kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani, na ukoo wake unakidai mpaka leo. Kila Februari watu hukusanyika kwenye makaburi yale, penye Makumbusho ya Majimaji. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikwenda pale pale akakutana na wazao wa Nduna Songea, akaomba msamaha. Kwa mkweo hii si historia ya mbali. Huenda amekwenda kwenye makaburi hayo tangu utotoni. Halafu anafika kwa mkwewe, anakuta watu walionyongwa wamewekewa taa, na anaambiwa kwa furaha kwamba picha ni ya asili.

Sisemi ulikusudia kumuumiza. Najua ulimjibu kama unavyomjibu mwanafunzi. Nakuomba tu usiseme upesi kwamba hajaeleza kilichomuudhi. Aliuliza picha moja. Hakuuliza sarafu wala singe.

Umeandika pia kwamba vita vya dunia havikuwa Majimaji. Kwenye vitabu ni sura mbili, kweli. Lakini jeshi lilikuwa lile lile. Afisa wa Kijerumani, Wissmann, alilianzisha mwaka 1889 ili amshinde Abushiri, aliyeongoza upinzani wa pwani na ambaye alinyongwa Pangani, si mbali na kwako. Mwaka 1891 likawa Schutztruppe rasmi. Ndilo lililopigana na Mkwawa, ndilo lililochoma mashamba ya Ungoni, na ndilo lililowashangaza Waingereza hapo Tanga mwaka 1914. Tai wa tarbushi hakubadilishwa vita vilipobadilika.

Hapo kuna jambo ninaloligusa taratibu, kwa sababu ni la damu yako. Unasema baba yake babu hakumnyonga mtu. Unasema pia kwamba mwaka 1914 alikuwa mtu mzima mwenye wake wawili. Je, mnajua aliingia jeshini mwaka gani? Sisemi alikuwa Songea. Wengi waliandikishwa miaka ya baadaye, wengine vita vya dunia vilipokwisha kuanza. Ila ikiwa hamjui, basi ile sentensi yako ni ya upendo zaidi kuliko ya ushahidi. Wala huhitaji kumtetea ili umpende. Kijana wa wakati ule aliweza kwenda jeshini kwa sababu mshahara wa askari ulizidi kwa mbali wa kibarua wa shambani, au kwa sababu kuwa upande wa bunduki kulikuwa salama kuliko kuwa mbele yake. Unaweza kumheshimu baba yake babu yako na bado ukakubali kwamba jeshi alilolitumikia lilifanya unyama. Familia nyingi za nchi hii zina askari upande mmoja na walionyongwa upande mwingine, na zimeoana. Yako ni moja yao, na mtoto anayekuja atakuwa wa pande zote mbili.

Sasa yule mkusanyaji. Hapa naona hatari kubwa kuliko unavyoiona wewe, ingawa uamuzi ni wako.

Kwanza, tai yule ni wako kweli? Baba alikukabidhi, ndiyo. Kukabidhiwa amana ya ukoo ni tofauti na kununua sokoni. Una baba wadogo, una mashangazi, una binamu. Wakisikia kitu cha marehemu kimeuzwa Ulaya pamoja na barua yenye jina lake, utakuwa umeongeza ugomvi wa pili juu ya wa kwanza. Angalia pia anachokitaka huyo mtu. Tai wa bati peke yake wanapatikana. Anamtaka huyu mwenye jina, mwenye kijiji, mwenye kitukuu anayetia saini. Hicho ukikitoa hutakinunua tena popote. Na kabla kitu cha aina hiyo hakijavuka mpaka, kaulize kwanza Idara ya Mambo ya Kale, usije ukaanza kujieleza forodhani.

Pili, vitu vya vita vya pili ni mahali penye bandia nyingi kuliko karibu eneo lolote la ukusanyaji. Msalaba halisi wa 1939 kwa kawaida una kiini cha chuma kilichopakwa rangi nyeusi, kwa hiyo sumaku huunasa, lakini waghushi nao wanaijua sumaku. Ukiwa Tanga, na msalaba uko kwenye bahasha, nani atakuhakikishia? Unaweza kutoa kitu usichoweza kukipata tena ukapokea kilichotengenezwa juzi.

Tatu ni alama yenyewe. Bizimu uliyonayo ina taji. Ile ya jeshi la Hitler ina maneno yale yale juu ya Mungu, ila mahali pa taji pana tai aliyeshika swastika. Ujerumani kwenyewe, kifungu cha 86a cha sheria ya jinai kinakataza kuionyesha hadharani, isipokuwa kwa mambo kama elimu, utafiti na sanaa. Kuwa nayo nyumbani hakukatazwi. Wewe ni mwalimu, unaweza kusema kwako ni elimu. Sitakubishia. Lakini jiulize kitu hicho kinasimulia nini kwenye kabati lililoanza na sanduku la askari Mwafrika.

Nakupa kisa kimoja cha kweli. Bayume Mohamed Hussein alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, baba yake akiwa askari, na mwenyewe aliingizwa kwenye jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Schutztruppe katika vita vya kwanza, angali mtoto. Mwaka 1929 alikwenda Berlin kudai mshahara wa marehemu baba yake na wake mwenyewe. Hakulipwa. Akabaki huko, akafundisha Kiswahili, akaigiza kwenye filamu. Wanazi walipokuwa wameshika serikali, aliomba msalaba wa heshima uliotolewa kwa waliopigana mstari wa mbele. Wakamnyima. Akajipatia wake kutoka kwa wauzaji wa vitu vya jeshi, akauvaa na sare yake ya askari. Mwaka 1941 alikamatwa kwa sababu ya uhusiano na mwanamke Mzungu, akapelekwa kambi ya Sachsenhausen, akafa humo tarehe 24 Novemba 1944. Tangu 2007 kuna jiwe la kumbukumbu lenye jina lake kwenye njia ya waenda kwa miguu Berlin. Ukiona kwamba vita vya pili lazima viwemo kabatini, mtoto huyu wa askari anaviingiza humo kwa ukurasa mmoja ulioandikwa kwa mkono wako, bila kumtoa tai. Ukiitaka bizimu ile hata hivyo, angalau utakuwa umejua inakaa karibu na nani.

Turudi nyumbani, maana muda ni mfupi na mkeo ndiye mwenye mzigo.

Unaweza kuiondoa ile picha peke yake. Ni jepesi, na kwa nilivyoisoma barua yako huenda ndilo jeraha lenyewe. Hatari yake ni kwamba kama mama hasemi picha tu, atarudi akute kabati bado linawaka taa, na safari hii ataondoka na mkeo ataumia zaidi. Ukiiondoa, usiitupe na usiiuze kwa mtu wa kuipamba ukutani. Igeuze uangalie kama nyuma imechapwa jina la mahali. Wale walikuwa watu wenye koo, na wanaojua Songea wanaweza kukusaidia kuzitambua.

Unaweza kuhamisha kabati lote. Chumba cha ndani hakitatosha ikiwa alichosema ni nyumba nzima, na binafsi sidhani kuficha kutampa amani. Shuleni kwako ni wazo, ila ufunguo awe nao mtu unayemwamini, na singe isikae karibu na watoto. Makumbusho ya Urithi Tanga nayo yako mjini kwako, kwenye boma la zamani. Ukienda huko au kwingine, kopesha, usigawe ovyo: piga picha kila kitu, andika orodha, upate karatasi yenye saini na muhuri. Vitu vilivyotolewa kwa neno la mdomo hupotea hata kwa watu wema. Nitakuwa mkweli pia kwamba utaukosa ule ukaribu wa kuamka asubuhi na kuliona sanduku la baba. Hilo ni pengo, silidharau.

Unaweza kuacha kila kitu kilipo na kungoja hasira ipoe. Mara nyingine hupoa. Lakini arobaini ya mzazi haingoji, na mwanamke hasahau nani alikuwapo na nani hakuwapo siku zile.

Na liko la kulitengeneza kabati upya, ambalo litakutoa jasho zaidi. Nimeona kwamba karibu vitu vyako vyote vinatoka kwa waliobeba bunduki. Wapagazi waliobeba mizigo ya majeshi yote mawili walikufa kwa makumi ya maelfu, kwa kuhara, malaria na njaa, na hawakuacha nishani. Kariakoo, yaani Carrier Corps, kikosi cha wapagazi, imebaki na jina lao tu. Wagogo walionyang'anywa ng'ombe na nafaka wakaingia kwenye njaa ya Mtunya hawakuacha bizimu. Wangoni wa 1906 wamo kwenye picha yako, lakini hawana jina. Mtu akija kwako anaondoka amemjua askari, na wengine amewaona kama nyuma ya pazia. Hili si la kumaliza kabla mtoto hajazaliwa, na linaweza kumfurahisha mkweo au lisimfurahishe. Pengine hataki Mjerumani kwa sura yoyote, hata aliyefafanuliwa vizuri. Ana haki hiyo.

Kwa hiyo kabla hujachagua, nakuomba upate neno lake. Najua mkwe wa kiume hamkalishi mama mkwe akamhoji, na mkeo asifanywe mjumbe, kwa kuwa ameshabeba mimba na ugomvi pamoja. Tumia mshenga kama yuko hai na mnaelewana, au mama yako, au shangazi mwenye busara. Mjumbe wako asiende na orodha ya mapendekezo. Aende na salamu, na pole, na ombi moja: mama atusimulie kwao ilikuwaje. Kama babu yake alinyongwa, kama alikimbilia porini, kama alikufa njaa, wewe mpenda historia huna hilo kwenye kabati lako, na hakuna mnada wa Ulaya utakaokuuzia. Akikataa kusimulia, napo utakuwa umepata jibu, na utajua uamue ukiwa unajua unaamua nini.

Yule wa Ujerumani mwandikie kwamba kuna mtoto anazaliwa na mazungumzo yasimame hadi baadaye. Mkusanyaji wa kweli anajua kungoja. Akikusukuma uharakishe, hiyo nayo itakuwa habari juu yake.

Na lile kabati, uzime taa yake walau kwa sasa, kwa ajili ya mkeo. Kuizima hakutakugharimu kitu wala hakutaamua chochote.

Nisalimie mama wa watoto. Mama mkwe akishapata nafasi ya kusema, niandikie tena ukipenda, tuendelee kutoka hapo.